Gambuti za kusimama, akala za kutembea

Isiolo ni nchi ya vumbi mpaka siku mvua inaposhuka. Hapo swali la kiatu hugeuka kuwa swali la kazi, la afya, na wakati mwingine la uhai.

Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilipita kaskazini mwa Kenya bila mvua ya maana. Kote nchini mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa, na Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Kisha Oktoba 2023 ikaja El Niño. Mto Ewaso Ng'iro ukavunja kingo, vijiji vya Merti na Garba Tulla vikazingirwa na maji, barabara zikakatika, na mifugo iliyoponea chupuchupu kwenye kiangazi ikasombwa na mafuriko. Mfugaji aliyezoea kutafuta maji akajikuta anayakimbia.

Wageni wengi hawaijui sura hii ya pili ya Isiolo. Kaunti yenyewe ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 268,002. Waborana huita mvua za Machi hadi Mei ganna, na zile za mwishoni mwa mwaka hagaya. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Kwa kuwa mvua hupita haraka, ni wachache wanaojiwekea viatu vya mvua mapema. Wengi hukumbuka gambuti wakati tope limefika kwenye kifundo cha mguu. Hapo hukimbilia dukani na kuchukua yoyote inayoingia mguuni.

Kuna watu ambao kazi zao haziruhusu kuchukua yoyote: mchungaji anayemtafuta ngamia aliyepotea, askari wa wanyamapori anayefuata nyayo za jangili, mkulima wa Kinna anayefungulia maji shambani, mchinjaji, na mama anayekama ng'ombe katika boma lililojaa samadi ya maji. Kila mmoja anahitaji mpira mguuni, ila si mpira wa aina moja.

Mwindaji hayupo, nyayo zipo

Miongozo mingi ya kununua gambuti inayotoka Uingereza, Marekani na nchi za Skandinavia huandikiwa wawindaji: watu wanaovizia bata kwenye vinamasi au kulungu msituni, huku mvua ikinyesha na baridi ikiuma. Sehemu kubwa ya ushauri huo haifai huku kwetu. Adui wao ni baridi, kwa hiyo gambuti zao za bei ghali huwekwa bitana nene ya neopreni ya kuhifadhi joto. Vaa kitu hicho Isiolo saa sita mchana, na mguu utaiva humo ndani.

Isitoshe, mlango wa uwindaji Kenya ulifungwa Mei 1977, serikali ilipoupiga marufuku. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ikaweka kufuli juu ya kufuli: hakuna kuwinda kwa burudani, wala kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Atakayejiona mjanja ajue kwamba anayemsubiri ni hakimu.

Zamani kilichofungwa hakikuwa uwindaji bali nchi yenyewe. Katika enzi za ukoloni, kaskazini yote lilikuwa eneo lililofungwa kwa sheria za 1902 na 1934. Mgeni hakuingia bila kibali, na Isiolo ndiyo iliyokuwa lango lake. George Adamson, aliyejiunga na Idara ya Wanyamapori mwaka 1938, aliishi hapa kwa miaka mingi, na ni katika kazi hiyo ndipo mwaka 1956 yeye na mkewe Joy walipomchukua mtoto wa simba waliyemwita Elsa. Kabla yao wote walikuwepo Waata, wawindaji na warina asali walioishi miongoni mwa Waborana, wakisoma nyayo kama karani anavyosoma daftari.

Kazi ya kusoma nyayo haikufa pamoja na uwindaji. Sasa iko mikononi mwa askari wa hifadhi za Buffalo Springs, Shaba na Bisanadi, maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na wachungaji wenyewe. Mifugo ikiibwa usiku, vijana hutoka alfajiri kufuata kwato. Ngamia akipotea, mwenyewe anaweza kumfuata siku mbili. Mvua huwasaidia na kuwasaliti wakati huohuo: udongo uliolowa hushika alama ya unyayo vizuri sana, kisha wingu la pili hupita na kufuta kila kitu. Ndiyo maana hawangoji mvua ikatike. Hutoka tope likiwa bado bichi, na hapo kiatu ndicho kinachoamua watafika wapi.

Udongo ndio unaochagua

Barabara kuu inayopita Archer's Post kwenda Marsabit na Moyale ina lami tangu katikati ya muongo uliopita, na mvua haiisumbui sana. Lakini ukikunja kuelekea Gotu na Merti, unaingia katika nchi ya njia za udongo, na mahali pengi udongo wenyewe ni ule mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaweza kuingia. Ukipata maji huvimba, hulainika, na kushika kila kitu kinachoukanyaga. Malori hulala njiani mpaka jua lirudi.

Anayetembea kwenye udongo huo hubeba mzigo asioukusudia. Kila hatua huongeza tabaka jingine chini ya soli, mpaka mtu anakuwa kama amesimama juu ya sahani mbili za tope. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama kwenye gambuti ni meno ya soli. Meno madogo yaliyobanana hujaa tope kwa hatua chache, na kuanzia hapo unateleza kana kwamba soli ni bapa. Yanayofaa ni marefu, yaliyoachana kwa upana wa kidole hivi, ili tope lidondoke lenyewe mguu unapoinuka. Tena kisigino kiwe kimejitenga na soli, kisimame wima kwa mbele, kwa sababu hicho ndicho breki yako unaposhuka kwenye ukingo wa lugga, yaani korongo la mto wa msimu.

Vuka upande wa Shaba au uwanda wa Merti na hali inabadilika. Huko kuna mawe meusi ya volkano, makali kama chupa iliyovunjika, yaliyofichwa na nyasi changa za mvua. Soli nyembamba hupasuka mapema. Halafu kuna miiba. Migunga ya Isiolo ina miiba ya namna mbili, na mti mmoja unaweza kuwa nayo yote: mirefu iliyonyooka inayotoboa, na mifupi iliyopinda kama ndoana inayorarua. Ule mrefu hushambulia soli, na uliopinda huchana shingo ya gambuti. Kuna pia mathenge, mti wa kigeni ulioletwa Kenya kuzuia jangwa na ambao sasa umeziteka kingo za mito na mabwawa mengi ya kaskazini. Mwiba wa mathenge hutoboa hata tairi la gari. Gambuti ya bei rahisi haiuzuii.

Mpira na mpira

Gambuti na akala ni ndugu, ingawa hazifanani. Zote zimezaliwa na ugunduzi mmoja: kupika mpira pamoja na salfa ili usiyeyuke kwenye joto wala kukakamaa kwenye baridi. Charles Goodyear alipata hataza yake Marekani mwaka 1844. Mmarekani mwingine, Hiram Hutchinson, akaupeleka ujuzi huo Ufaransa na mwaka 1853 akaanza kuwatengenezea wakulima mabuti ya mpira badala ya viatu vya mbao. Mpira huohuo baadaye ukawa tairi, na tairi likiisha kazi barabarani, fundi wa jua kali hulikata likawa akala.

Gambuti nyingi zinazouzwa madukani leo, hata hivyo, hazina mpira wa asili hata kidogo. Ni plastiki aina ya PVC, iliyomiminwa moto ndani ya kalibu ikatoka kiatu kizima bila mshono. Hilo si kosa. PVC haipitishi maji, husafishika upesi, huvumilia samadi na damu, na bei yake huanzia takriban shilingi elfu moja. Kasoro yake ni jua. Iache nje ya nyumba kiangazi kizima, na mvua ya kwanza itakukuta na gambuti iliyopasuka pale kiatu kinapokunjikia vidole. Tena PVC haikubali kiraka cha baiskeli. Solusheni ya tyubu hushika mpira, lakini kwenye plastiki hubanduka.

Gambuti ya mpira halisi ni nzito kidogo na ghali zaidi, lakini hunyumbulika, haichoki haraka, na ikitobolewa fundi wa baiskeli anaweza kuiziba. Aina ya tatu ni ya poliyurethani. Hiyo ni nyepesi, na mtu anayevaa gambuti kutwa nzima huona tofauti jioni. Lakini bei yake ni ya juu, na si kila duka la Isiolo litakuwa nayo.

Tofauti hizi huzijui kwa macho. Zijue kwa mikono. Shika gambuti hapo dukani, ikunje shingo yake kwa nguvu mpaka pande mbili zigusane, kisha itazame pale ilipokunjika. Ikiweka mstari mweupe, huenda ina vijazio vingi, na hapo ndipo itakapopasukia. Bonyeza soli kwa kidole gumba katikati ya meno. Ikibonyea kwa urahisi, chini yake kuna uwazi, na mwiba utapita. Ingiza mkono mpaka vidoleni ukipapasa bitana. Mkunjo mdogo unaouhisi kwa kiganja utakuwa lengelenge kabla hujafika Gotu. Mwisho, iinamishe kuelekea jua na uchungulie ndani. Tundu la kalibu, kama lipo, litaonyesha nukta ya mwanga.

Muuzaji akikuharakisha, mwambie asubiri. Mvua bado ipo.

Kwa mtu anayefanya kazi kwenye miiba, misumari au mawe makali, kuna alama moja inayofaa kuikumbuka. Gambuti za kazi zilizotengenezwa kwa viwango vya kimataifa huwa zimepigwa chapa ya S4 au S5. S4 ina kofia ngumu ya kulinda vidole. S5 ina hiyo pamoja na bamba ndani ya soli la kuzuia kutobolewa. Bamba hilo ndilo kinga ya kweli dhidi ya mathenge. Lakini huongeza uzito na bei, kwa hiyo mnunulie anayelihitaji.

Saizi ni asubuhi na jioni

Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, hasa kwenye joto. Gambuti inayokutosha saa mbili asubuhi inaweza kukubana saa kumi. Nenda dukani alasiri, ukiwa na soksi utakazovalia, na ujaribu miguu yote miwili. Vidole viguse mbele kwa mbali, na kisigino kisipande zaidi ya kidogo unapotembea. Kikipanda sana, tope litakuvua kiatu na wewe utaendelea na safari peku.

Shingo ya gambuti nayo ina mambo yake. Wachungaji wengi wana miguu myembamba ya watu wanaotembea, na gambuti nyingi zimekatwa kwa muundi mnene. Shingo pana hupiga mguu kila hatua, huchuna ngozi ya muundi, na hupiga kelele. Kwa askari anayefuata nyayo, kelele hiyo inaweza kuharibu kazi ya siku nzima. Shingo nyembamba mno nayo haivuliki haraka, na kuna wakati utahitaji kuivua haraka.

Wanawake wana malalamiko yao, na yana haki. Kazi nyingi za bomani hufanywa na wao, lakini mara nyingi shehena inayoletwa ni ya saizi za wanaume. Mama huishia kujaza matambara kwenye ncha ya kiatu. Mwenye duka atakayeleta saizi 37 na 38 kabla ya mvua hatakosa wateja.

Kusimama si kutembea

Kosa la wanunuzi wengi ni kudhani kwamba kiatu kisichoingiza maji ndicho bora kwa kila kazi ya kwenye maji. Gambuti huzuia maji yasiingie, na kwa nguvu hiyohiyo huzuia jasho lisitoke. Ukiwa umesimama kwenye mfereji, bomani au kwenye sakafu ya kichinjio, jasho ni kidogo na faida ni kubwa. Lakini mchungaji anayetembea kilomita ishirini kwa siku atakuwa na mguu uliolowa hata kama hakukanyaga dimbwi hata moja. Na maji ya nje yakiingia kwa juu, hayana pa kutokea.

Ngozi ikikaa ndani ya unyevu kwa muda mrefu hubadilika rangi, hukunjamana, hufa ganzi, kisha huanza kuchunika. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia maelfu ya askari waliokaa kwenye mahandaki yenye maji huko Ulaya waliugua miguu hivyo, na wapo waliokatwa. Kwenye nchi za joto hali hiyo huja bila baridi, na fangasi huja pamoja nayo.

Wanajeshi wa Marekani walikutana na tatizo hili katika vinamasi vya Vietnam. Buti lao la msituni halikufanywa lisipitishe maji. Lilikuwa la ngozi na kitambaa chepesi, na ubavuni mwake palitobolewa vitundu vya kutolea maji. Wazo lilikuwa rahisi: mtu anayetembea ndani ya maji atalowa tu, kwa hiyo mpe kiatu kinachokauka.

Wachungaji wa kaskazini walikuwa na jibu lao bila maabara yoyote. Akala huingiza maji yote na kuyatoa yote. Mguu hulowa mtoni na kukauka mita mia mbili mbele. Soli ya tairi haijali jiwe, na mwiba mwingi huishia ndani ya mpira kabla ya kufika kwenye nyama. Kwa safari ndefu kwenye nchi iliyolowa, akala inaishinda gambuti, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya gambuti.

Nayo akala ina namna ya kuichagua. Matairi mengi ya siku hizi yana nyuzi za chuma ndani yake. Mpira ukilika, waya huchomoza na kumchoma mwenye kiatu. Mafundi wazuri hutafuta tairi lenye nyuzi za nailoni. Igeuze, utazame ukingo uliokatwa. Ukiona nukta zinazong'aa, irudishe. Angalia pia kama misumari ya mikanda imepigwa ikalala na kufunikwa, na kama mkanda wa nyuma upo. Bila mkanda wa nyuma, tope litaibakiza akala chini.

Lakini akala ina udhaifu mmoja mkubwa: inaacha mguu wazi. Wakati wa mafuriko nyoka huhama mashimo yao na kukimbilia miinuko, huko huko wanakokimbilia watu na mifugo. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, hakimbii anaposikia hatua. Hulala kimya njiani mpaka akanyagwe. Majeraha mengi ya nyoka huwa kwenye unyayo, kifundo na muundi, yaani palepale gambuti inapofunika. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Gambuti nene si ngao kamili, lakini hupunguza hatari, hasa kwa anayetoka usiku kukagua boma. Tochi na gambuti mlangoni ni bora kuliko mbio za kwenda hospitali wakati mto umefurika.

Homa inayokuja na maji

Kuna sababu nyingine ya kuchukua suala hili kwa uzito, na Isiolo inaijua vyema. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa kwa mara ya kwanza Kenya, karibu na Naivasha, mwaka 1931. Mbu wanaoibeba hutaga mayai kwenye mabonde ya udongo, na mayai hayo huweza kukaa miaka ndani ya ardhi kavu. Mafuriko yakija, huanguliwa kwa wingi. Mifugo huanza kuharibu mimba, na watu huambukizwa kwa kugusa damu na majimaji ya wanyama wagonjwa, kunywa maziwa mabichi, au kuumwa na mbu.

Mlipuko wa 1997 na 1998, uliokuja na El Niño ya wakati ule, uliua mamia ya watu kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Ukarudi 2006 na 2007. Novemba 2020 ukafika Sericho, kaunti ya Isiolo, na waliotangulia kufa walikuwa wachungaji. Kufikia mwanzo wa Februari 2021, WHO ilikuwa imehesabu wagonjwa 32 katika Isiolo na Mandera, 11 kati yao wakiwa wamefariki.

Mchungaji anayemsaidia kondoo kuzaa akiwa na akala miguuni anasimama juu ya damu na majimaji, na miguu yake ina mikwaruzo ya miiba ya jana. Kwa kazi hiyo gambuti, glavu na aproni ni lazima. Wachinjaji na maofisa wa mifugo huvaa gambuti nyeupe kwa sababu moja nzuri: uchafu huonekana na hauna pa kujificha. Kwao PVC ndiyo chaguo sahihi, kwa kuwa huoshwa kwa dawa kila baada ya kazi. Na anayetoka boma moja kwenda jingine azioshe kabla ya kuondoka, maana soli yenye samadi hubeba magonjwa ya mifugo kama ugonjwa wa miguu na midomo.

Wakulima wa Rapsu, Gafarsa na Malka Daka wako kwenye kundi hilohilo. Kufungulia maji shambani ni kazi ya kusimama. Gambuti ndefu ya PVC yenye soli ya meno mapana inawatosha kabisa, wala hawana haja ya kulipia bamba la chuma.

Mtoni hakuna kiatu

Jambo moja lisemwe bila kuzunguka. Gambuti haikupi ruhusa ya kuvuka mto uliofurika. Ewaso Ng'iro hulishwa na mvua ya Mlima Kenya na Aberdare, kwa hiyo unaweza kujaa Merti wakati anga ya Merti ni ya buluu. Mwezi Machi 2010 mto huo ulisomba kambi za watalii na watafiti upande wa Samburu kwa ghafla, na watu wakaokolewa kwa helikopta. Gambuti ikijaa maji, kila hatua huwa ya kuburuta, na mkondo unapata mahali pa kukushikia. Maji yakifika magotini na yanakwenda kasi, rudi. Ngamia atapatikana kesho.

Kuzitunza

Gambuti ikitunzwa hufika msimu wa tatu na wa nne. Ioshe tope kabla halijakauka. Igeuze juu ya kijiti kivulini, mbali na moto, maana joto la jiko huikakamaza. Ikilowa ndani, ijaze magazeti makavu na uyabadilishe. Beba jozi mbili za soksi, moja mguuni na moja mfukoni, na ubadilishe mchana. Jioni miguu ioshwe, ikaushwe katikati ya vidole, na ipate hewa usiku kucha. Mfugaji hukagua kwato za mbuzi wake kila mvua akiogopa zisioze. Akague na za kwake.

Asubuhi, kabla ya kuvaa, igeuze gambuti na uipige chini. Nge hupenda mahali penye giza na joto, na ndani ya gambuti ni pazuri mno kwake.

Hukumu

Anayeweza kununua jozi moja tu aanze kwa kujiuliza: kazi yangu ni ya kusimama au ya kutembea? Mkulima, mchinjaji, anayekama na anayezalisha mifugo wachukue gambuti. Mchungaji wa masafa achukue akala nzuri, na familia iwe na jozi moja ya gambuti bomani kwa ajili ya kuzalisha mifugo na kutoka usiku. Askari wa doria apewe buti jepesi la kamba linalokauka, na gambuti za S5 zikae kambini zikisubiri kazi za kwenye kinamasi na mathenge.

Serikali ya kaunti na mashirika ya misaada nayo yana la kufanya. Kila onyo la mafuriko linapotolewa, tayari hujulikana kwamba homa ya Bonde la Ufa inaweza kufuata. Vyandarua na chanjo za mifugo vikipangwa kwenye bajeti, gambuti na glavu za wazalishaji mifugo ziwe kwenye orodha hiyohiyo, zikiwemo saizi za wanawake, na zifike Sericho na Merti kabla barabara haijakatika. Gambuti zinazofika baada ya mvua ni za kufugia nge.